Barua ya Torgeir Lia

Kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, Gudveig Aarvik, mhariri wa gazeti la mji wa Kvernvåg, alimimina kahawa na kusoma orodha ya barua zilizoingia halmashauri. Sheria inataka kila barua iorodheshwe hadharani. Orodha hiyo ilimsaidia kuwaangusha mameya wawili. Hakuamini mtu, aliamini orodha.

Jumanne moja mstari wa saba ulisema: Mtumaji, Torgeir Lia, marehemu. Mada, vumbi la tanuri namba mbili. Siri.

Torgeir alizikwa miaka thelathini iliyopita. Daktari wa kiwanda chenye tanuri hilo, alikofanya kazi, aliandika kuwa sigara ndizo zilizomuua. Torgeir hakuwahi kuvuta.

Gudveig alimpigia simu Oddvar, karani wa masijala.

"Nani ameileta?"

"Mwenyewe. Kaniachia vumbi sakafuni, nimefagia."

"Meya hakukwambia uitupe?"

"Kaniambia. Lakini nilishaipiga muhuri. Sheria ni sheria."

"Nipe nakala basi."

"Thubutu! Wewe ukipewa shubiri wataka pima."

Gudveig aliandika saa ya simu ile. Mtu anayejibu upesi hivyo, alijua, ameshafundishwa la kusema.

Kufikia Ijumaa marehemu walikuwa arobaini na mmoja. Walichukua namba za foleni kwenye mashine ya halmashauri, wakakaa, kila mmoja akiacha kiti kitupu kando yake. Walio hai walilalamika kwamba foleni haiendi.

Gudveig alikaa kwenye kiti kilichokuwa kitupu kando ya Torgeir. Torgeir akasogea kidogo.

"Nani kakutuma?"

"Gudveig, mama, hata maiti unaishuku?"

"Hasa maiti. Barua inasemaje?"

"Siwezi kusema. Siku naajiriwa nilitia saini kutunza siri za kiwanda."

"Umekufa, Torgeir!"

"Saini haijafa."

Basi Gudveig akachapisha orodha yenyewe ukurasa wa kwanza: majina arobaini na moja, mada moja. Watu waliisoma wakila mkate na jibini ya kahawia. Baraza likakutana, likajibu ndani ya muda wa kisheria: litafunguliwa dirisha la pili, la marehemu tu, Jumanne na Alhamisi. Tanuri halikuzimwa.

Jumatatu orodha ilikuwa na jina jipya, Kjartan Moe, fundi wa tanuri, miaka thelathini na minne. Gudveig alikuwa amemwona Jumamosi akinunua samaki. Akapiga simu.

"Huyu si yuko hai?"

"Yuko hai," alisema Oddvar. "Anakohoa tu. Ameona awahi foleni."