Futari Kabla ya Dakika za Nyongeza

Faraj alipovunjika goti mwaka wa sitini na mbili, watu wa Mji wa Kale walimpa pole kama mfiwa. Winga aliyewatoa jasho mabeki miaka tisa, leo ashuka ngazi kwa kushika ukuta! Alikaa hivyo miaka mitatu, mpaka Mzee Abdulghafur, mwenyekiti wa timu yake ya zamani, alipomwita.

"Mguu umekwenda, kichwa kipo. Nakupa timu uifundishe. Lakini nataka kombe la Ramadhani. Ukilikosa, natafuta mwengine."

Faraj alimbusu mkono. Kurudi kwenye mpira, hata kwa kusimama pembeni, alikuona ni neema tupu.

Basi siku ya fainali dakika tisini ziliisha sare, bao moja kwa moja, adhana ya magharibi ikalia. Ada ilikuwa refa asimamishe mchezo, watu wafuturu na kuswali, kisha zichezwe dakika kumi za nyongeza kabla giza halijaingia. Mwalimu mwenye akili huwapa wachezaji tende mbili na maji, basi. Lakini Faraj naye alikuwa na saumu yake, na makelele ya tangu alasiri yamemkausha koo. Mkewe Swabaha alipofunua sinia za mahamri, mbaazi na viazi vya karai, mwanamume akasahau kuwa yeye ndiye mwalimu. Akala. Na vijana wake, wakimwona anakula, walikula hasa!

Baada ya swala, mshambuliaji wake Gharib alisimama kashika tumbo. "Mwalimu, hata kuinama siwezi."

"Lo! Nimejimaliza kwa mkono wangu," Faraj akasema. Kule wapinzani walikuwa wakirukaruka, wepesi.

"Si una Musyoka?" Swabaha akamkumbusha.

Musyoka, beki, Mkamba wa kazi ya reli, ndiye Mkristo pekee kwenye timu, na hakugusa sinia. Faraj akakisia ameshakula zake mchana. Akawapanga walioshiba wote kumi golini kwao, na Musyoka akampeleka mbele peke yake. "Wewe kimbia tu, ndugu yangu."

Mtu akakimbia! Dakika ya nane akaufukuza mpira ambao kila mmoja aliuona umeshatoka, akauwahi, akampita kipa, akafunga. Filimbi ya mwisho ilipolia, Abdulghafur alimkumbatia Faraj. "Timu ni yako."

Faraj akachechemea hadi kwa Musyoka, aliyelala chali nyasini. "Mungu akulipe! Kazi yangu umeniokolea wewe. Hebu niambie, mchana ulikula nini?"

Musyoka akacheka kwa tabu. "Sijala, mwalimu. Kazini wenzangu wamefunga, hapa wenzangu wamefunga. Ningekula vipi mbele yao? Nilingoja nyinyi mfuturu kwanza."

Faraj akageuka kuzitazama sinia. Hakukubaki hata punje ya mbaazi. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote, wala hakuona haya.

"Swabaha!" akaita. "Tangulia nyumbani ukawashe moto. Mwenye futari bado hajala!"