Mtoro wa Ndani ya Boila

Mzee Anania hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na umeme uliodumu juma zima, na hapo Kabanga alipostaafia hapakuwa na reli hata ya kuonyeshea wajukuu. Kwa hiyo kichwa cha treni ya mvuke kilipopanda kilima jioni moja na kusimama katikati ya shamba lake, alisikitikia maharage.

Alikitambua. Ujanani alikikarabati katika karakana ya mji wa reli, ambako Waha ndio waliotumwa kuingia ndani ya boila, tangi la chuma la kuchemshia maji, kukwangua magamba ya chokaa. Wakubwa walisema Waha hawalalamiki.

Kwenye tundu la boila lililokuwa wazi kulisikika makofi mepesi.

"Reverien, toka," alisema Anania. "Chai ipo."

Reverien, mwenzake wa karakana, akatoka, kijana vilevile, akinuka masizi na nyama iliyoungua. Siku ile alipofia humo, kabla ya kuwasha moto, nyapara aligonga chuma kuuliza kama ndani kuna mtu. Reverien aliitika kama Muha aliyelelewa anavyomwitikia mkubwa: aliinama, akapiga makofi taratibu. Makofi hayapenyi chuma; moto ukawashwa. Ofisi ikaandika kwamba ametoroka kazi, na Dorcas, mkewe, akazeekea Kasulu akiitwa mke wa mtoro.

Habari zilipomfikia, Dorcas alifika kwa bodaboda, fimbo mkononi.

"Nimekula aibu yako miaka yote, kumbe umekaa tu humo?"

"Niliitika, mama watoto."

"Kwa makofi! Mjinga mwenye adabu wewe." Akamfuta uso kwa kitenge.

Asubuhi akaja ofisa wa reli, kitambaa puani. Ofisi yake ilikuwa ikiandaa maonyesho ya historia ya karakana, na kichwa hicho kilitakiwa. Alikizunguka kichwa cha treni, akakisifu, kisha akamtazama Reverien.

"Huyu faili lake lilishafungwa. Mtoro ni mtoro, hata akirudi."

"Umemnusa lakini?" Anania akauliza.

"Nimemnusa, mzee wangu. Ila historia imeshachapwa."

Akala maandazi yao, akajifuta mafuta kwenye pazia, akaondoka. Kichwa cha treni kikamfuata polepole, kikapakwe rangi.

Reverien walimzika mchana, penye maharage yaliyopondeka. Kaburini aliingia mwenyewe, akajilaza ubavu.

"Sasa andika barua," alisema Dorcas. "Andika kwamba mume wangu alikuwa kazini."

Anania akaandika hivyo, bila salamu. Akalamba gundi ya bahasha, akatema, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akampa kondakta wa basi la Kigoma. Anwani ilikuwa ya ofisi ileile. Nyingine ya kuandikia haipo.