Pikipiki ya Kukulia

"Haya ninayosema ni kweli tupu, haki ya Mungu," aliapa Kilomita, akalamba ncha ya kidole na kukielekeza darini. "Nikiongopa, haya meno yangu yaliyobaki yahame leo hii, na yasiage. Mto umefura. Daraja limekwenda na maji. Wenzangu wote wamesimama nyuma, wengine wanalia kama watoto wachanga. Mimi juu ya pikipiki yangu nikavuta mafuta, nikaruka! Nikiwa huko hewani natazama chini, namwona mamba kafungua kinywa. Nikamwambia, 'Funga mdomo wewe, nzi wataingia.'"

Mjukuu wake alikaa sakafuni, mdomo wazi kuliko huyo mamba. Nyumbani walimwita Sisimizi, kwa udogo wa umbo lake na kwa ubishi wa kubeba vitu vinavyomzidi.

"Akafunga, Babu?"

"Angefanyaje? Bingwa kasema."

Ukweli ni kwamba Kilomita alikuwa amestaafu kazi ya kukata tiketi kwenye stesheni ya treni. Maisha yake yote ya kazi aliyakaa nyuma ya kidirisha chenye nondo, juu ya kiti kilichobonyea katikati, akiwauliza watu waendako na kuwasukumia karatasi ya kuwafikisha. Watu walikwenda, yeye akabaki. Walirudi na habari, akazipokea, akazitia kwenye droo ya kichwani mwake, na zikishalala humo muda wa kutosha zikaamka zikiwa zake. Pikipiki hakuwahi kuipanda, hata iliyozimwa. Lakini alikuwa na nchi yake moja, jina lake Kabla Hujazaliwa, na huko kila kitu kiliwezekana, maana mwenye ramani alikuwa yeye peke yake.

Balaa lilianzia kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, nje kidogo ya mji. Huko watoto walikuwa wakifundishwa kuendesha pikipiki ndogo za kukimbilia kwenye vumbi na matuta, na kila Jumamosi Sisimizi aling'ang'ania waya wa uzio mpaka alama za waya zikabaki usoni. Baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu, aliuliza kwa simu kama mtoto hatatosheka na ile ya betri.

"Ya betri hailii," alijibu Sisimizi. "Mimi nataka inayonguruma."

Baba mtu akacheka, akakubali, akarudi kwenye usukani wake. Ikabaki kuchagua. Na mama mtu hakuwa wa kuchukulia jambo hilo kijuujuu: alikuwa muuguzi katika wodi ya mifupa.

"Baba," alimwambia Kilomita jikoni, mikono bado ina povu la sabuni, "mimi mfupa naujua ukishavunjika. Kabla ya hapo sijui kitu. Kila wiki naletewa mtoto wa mtu kakunjika mguu kama kiti cha kukunja. Mjuzi wa mambo haya hapa ndani ni wewe. Ukiniambia hii inamfaa, nitanyamaza. Ukisema haimfai, basi. Macho yangu nimekupa wewe."

Hapo ndipo Kilomita alipokuwa na mlango wa kutokea. Angetoka na aibu ndogo tu, aibu ya jikoni, isiyofika hata sebuleni. Lakini Sisimizi alikuwa ameegemea fremu ya mlango, akimtazama jinsi mtu anavyotazama mlima. Nani akubali kuwa kichuguu mbele ya macho kama yale?

"Niachieni mimi," akasema, na sauti ikatoka nene kuliko alivyokusudia.

Duka lenyewe lilikuwa banda refu la mabati, mgongo wake ukiwa umeelekea machimbo. Walipoingia Jumamosi asubuhi, wote watatu walisita kizingitini kana kwamba kuna mtu aliyewaambia wavue viatu. Pikipiki zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, za manjano, za buluu, nyekundu kama pilipili, zote zimegeuza shingo upande mmoja kama ng'ombe waliosikia jina lao. Matairi yalikuwa na meno. Harufu ya mpira mpya na petroli ilijaa ndani. Mwanga uliopenya kwenye matundu ya bati ulidondoka juu ya chuma, na chuma kikaurudisha.  Sisimizi alinyoosha kidole kimoja akagusa tangi la ile ya karibu, taratibu, kisha akakitazama kile kidole.

Hata Kilomita alisahau kwa muda kwamba yeye ni bingwa. Alipokumbuka, alipiga teke tairi moja na kutikisa kichwa, jinsi alivyowahi kuona wanaume wakifanya.

Mwenye duka alitokea nyuma ya rafu akifuta mikono kwa tambara. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, nywele kazifunga kitambaa, kovu jembamba likimtoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono. Mjini walimwita Mama Plagi.

"Nani mwendeshaji?" aliuliza.

"Mimi," alisema Sisimizi. "Na Babu. Babu alikuwa bingwa. Kaja kunichagulia."

"Ala! Karibu, Bingwa." Mama Plagi alitandaza tabasamu, akawaongoza hadi kwenye kijipikipiki cha buluu kilichosimama pembeni, kifupi, injini yake ndogo kama kopo la maziwa ya unga. "Kwa umri wake na urefu wake, mimi ningeanzia hapa. Haina gia za kubadilisha. Na hapa kwenye mkono wa mafuta kuna skrubu: nikiikaza, hata akivuta mpaka mwisho, haikimbii kuliko nitakavyo. Akizoea, nailegeza kidogo kidogo."

Kilomita alikitazama kijipikipiki kile. Kilimfikia gotini.

Sasa, katika ukoo wao kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa na mtu: mtoto hanunuliwi kitu kinachomtosha. Kinachomtosha leo kesho kitambana, na huko ni kutupa mali. Viatu vilinunuliwa vikubwa na kujazwa pamba kwenye vidole. Sweta la shule lilikunjwa mikono mpaka mtoto akaonekana kabeba maandazi mawili. Mama yake Sisimizi mwenyewe alikuwa na koti alilonunuliwa na Kilomita darasa la kwanza, na mpaka leo ana wadhifa wodini, koti halijambana. Kwa hiyo Kilomita, asiyejua lolote kuhusu pikipiki, alishika kitu pekee alichokijua kwa hakika.

"Hii ni ya kupandia maua," akasema. "Mpe ile." Akaelekeza fimbo kwenye ile nyekundu kama pilipili, yenye kiti kirefu na springi nene kama paja. "Ataikulia."

Mama Plagi aliangalia ile nyekundu, akamwangalia mtoto, akamwangalia mzee.

"Mzee wangu, kiatu kitakungoja ukue. Pikipiki haimngoji mtu."

"Unamfundisha bingwa?"

"Hata. Nataka kujifunza. Wewe ulianza na ipi?"

"Moja kubwa. Nyeusi. Ilikuwa na hasira."

"Klachi yake ilikuwa mkono gani?"

Kilomita alikohoa. "Ilitegemea mvua."

Mama Plagi hakucheka. Kicheko kilimfika mdomoni, akageuka haraka akajifanya anatafuta tambara lake, lililokuwa mkononi mwake. Angeweza kummaliza mzee pale pale. Lakini mtoto alikuwa anasikiliza, naye akayameza maneno.

"Basi tufanye hivi," akasema. "Hapa tuna desturi. Njooni uani."

Uani kulikuwa na uwanja wa mchanga uliozungushiwa matairi makuukuu. Mama Plagi alizisukuma pikipiki zote mbili mpaka katikati, kisha akazilaza chini ubavu, pole pole kama mtu anayelaza watoto.

"Kuanguka utaanguka, mwanangu, hilo tumalizane nalo," alimwambia Sisimizi. "Na ukianguka, kocha yuko mbali, mama yuko mbali. Pikipiki unayoweza kuiinua mwenyewe ndiyo yako. Usiyoweza kuiinua, wewe ndiye wake."

Sisimizi alikwenda moja kwa moja kwenye nyekundu. Alishika usukani, akakita visigino mchangani, akavuta. Haikutikisika. Akazunguka upande wa pili, akaingiza bega chini ya kiti, akasukuma mpaka shingo ikatoka mishipa. Gurudumu la mbele lilijigeuza kivivu, likarudi. Mama yake alipiga hatua. Mama Plagi akamzuia kwa kiganja. Mtoto akajaribu tena. Na tena. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyapa nafasi.

"Imeganda tu," akasema akihema. "Babu kasema nitaikulia. Babu anajua. Nishikilieni nipande, mtaona."

Wakamsimamishia. Akapanda. Miguu ikaning'inia hewani huku na huku, ncha za viatu zikitafuta ardhi na kuikosa.

Mama Plagi alimpa Kilomita kamba nyekundu yenye klipu, iliyotoka karibu na swichi. "Haya Bingwa, mfungie."

Kilomita aliishika. Aliigeuza. Akaifunga, kwa fundo zuri la vifurushi vya stesheni, kwenye usukani.

 Aliyemsahihisha ni Sisimizi, aliyekuwa amemaliza Jumamosi nyingi uso wake ukiwa kwenye waya wa uzio.

"Babu, hiyo haifungwi hapo. Inafungwa kwenye mkono wangu. Nikianguka inachomoka, injini inazima." Akamtazama. Akaendelea kumtazama. "Babu. Wewe hujui?"

Mama yake naye aligeuka. "Baba?"

Na hapo, mdomoni mwa Kilomita, jibu likaja lenyewe, limeiva, halina hata kovu: *Enzi zetu hatukuwa na kamba, mjukuu wangu, tulikuwa tunaanguka na injini inawaka.* Lilikuwa jibu bora kuliko yote aliyowahi kutunga. Lingepita. Mtoto angecheka, mama angepumua, ile nyekundu ingewashwa. Alilisikia likimtekenya ulimi. Akaitazama miguu ile miwili inayoning'inia, viatu vyake vimejazwa pamba kwenye vidole, kwa amri yake mwenyewe.

Alilimeza. Lilishuka kama mfupa wa samaki.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kupanda pikipiki, mwanangu. Mshushe. Hii itamvunja."

Binti yake hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimshusha mtoto, akamkumbatia kwa nguvu kuliko mtoto alivyopenda, kisha akamgeukia baba yake.

"Nilikupa macho yangu, Baba."

"Ulinipa."

"Mtoto angevunjika, ungeyarudisha vipi?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Kilomita hakutunga jibu.

Sisimizi yeye alikuwa amekwisha kwenda kwenye ile ya buluu. Aliinama, akashika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, akavuta pumzi, akanyanyuka. Na pikipiki ikanyanyuka naye. Ilisimama kando yake imara kama mbuzi aliyetii. Mtoto alibaki ameshika, akionekana kutokuamini kwamba kitu chenye injini kimefanya alivyotaka. Akapanda. Nyayo zote mbili zikakaa mchangani, kisigino na vidole.

Mama Plagi alimvika helmeti, akakaza ile skrubu, akamwonyesha breki mara nyingi hata Kilomita akaielewa. Kisha akapiga kiki.

Injini ikakohoa, ikasafisha koo, ikanguruma. Haikuwa sauti kubwa, lakini ilipita kwenye mchanga ikapanda kwenye nyayo za mzee, ikafika magotini, ikafika kifuani pale ambapo pumzi inakaa. Habari zote alizowahi kuzipokea kidirishani, hakuna hata moja iliyokuwa na sauti hii ndani yake. Watu walikuwa wamemsimulia na wakasahau kumletea hili.

"Kwa kuanza," Mama Plagi alipaza sauti, "kamba inaongezwa urefu, na mtu mzima anakimbia nyuma kashika ncha. Mtoto akizidisha, unavuta, inazima. Nani anakimbia?"

"Mimi," alisema mama mtu.

"Hapana, Mama," ilisema helmeti. Ndani yake macho mawili yalimwelekea Kilomita, na hayakuwa yakitazama mlima tena. "Kaniongopea yeye. Alipe yeye."

"Nilipe nini, Sisimizi?"

"Kimbia."

"Na haya magoti yangu?"

"Babu. Kimbia."

Kilomita alimpa binti yake koti, akampa fimbo. Binti alivipokea, akainama akamfunga baba yake kamba za viatu, akazikaza kwa nguvu za muuguzi. Kisha ile buluu ikaruka mbele, kamba ikanyooka, na mzee aliyeketi maisha yake yote akang'oka mahali aliposimama.

Alikimbia. Vumbi lilimwingia mdomoni, kwenye pengo la meno, machoni. Mbele yake kimgongo kidogo kilikuwa kimeinama juu ya usukani, kikakata kona ya matairi, kikanyooka, na kutoka ndani ya helmeti kukatoka kelele ambayo Kilomita hakuwahi kumsikia mtoto huyu akiitoa, hata siku za mamba. Alitaka kuwaambia wale wanawake wawili pale kwenye ukuta wa duka jinsi inavyoonekana kutoka huku nyuma. Alifungua kinywa, na hakuwa na pumzi ya neno hata moja.

"Raundi nyingine, Babu!"

Akaishika kamba kwa mikono yote miwili, akakimbia.