Kutimuliwa Si Ombi

Maneno ya Igiraneza yalipimwa kwenye foleni ya maji kambini kabla ya kupimwa popote pengine. Ndivyo walivyokubaliana, yeye na mwenzake Dieudonné, siku walipopewa kazi ya kuandika kamusi ya mitandao isiyotumia waya. Ilikuwa kamusi ya vijana wanaotunga viendeshi, zile programu zinazouwezesha mfumo wa kompyuta kuelewana na redio iliyomo ndani yake. Unamsomea maelezo mama mwenye ndoo, bila kumtajia kompyuta wala simu. Akikurudishia kwa maneno yake mwenyewe na maana haijamwagika njiani, neno limepita.

"Mbiu" ilipita upesi: kituo cha mtandao hutangaza jina lake hewani bila kuchoka, ili walio karibu wajue kipo.

"Njo kama Madeleine anavyotangaza mandazi yake!" mmoja alipaza sauti. Foleni nzima ikacheka, Madeleine kuliko wote.

Neno moja lilikataa. Kituo kinaweza kukitoa kifaa mtandaoni wakati wowote. Hutuma ujumbe mfupi, basi. Hakiulizi, hakisubiri jibu, na kifaa hakina nafasi ya kukataa. Mtunga kiendeshi asipolielewa hilo, programu yake itaendelea kuamini kwamba bado imeunganishwa, itatuma data kwa asiyesikiliza, mpaka kila kitu kigande. Igiraneza aliliita "kutimuliwa". Lakini kila aliyesomewa pale bombani alirudisha kwamba kifaa kimeombwa kiondoke.

"Hakijaombwa!" alifoka.

"We dada, usitupigie kelele, ni maji tumekuja kuchota."

Alirudi nyumbani amenuna, akamkuta mama yake, Annonciata, akisugua ufunguo kwa pindo la kitenge. Ulikuwa wa kibanda chao cha Kawale, kule Lilongwe, alikokuwa akiuza mchele na mafuta hadi ilipotoka amri kwamba wakimbizi wote warudi kambini Dzaleka. Kibanda kilikuwa na mtu mwingine sasa. Mama alijua. Hata hivyo bado alikuwa akisema, "Tukifungua, nitaongeza na sabuni."

Igiraneza akaandika: *Mfano. Lori lilipofika Kawale, mama hakuulizwa kama yuko tayari. Aliambiwa apande. Hadi leo anatunza ufunguo wa kibanda ambacho si chake tena. Kiendeshi chako kisifanye kama mama: ujumbe ukifika, futa muunganisho, anza kusaka upya.*

Alimsomea mama kwanza. Mama aliuzungusha ufunguo vidoleni mpaka sufuria ikaanza kuungua.

"Njo mimi huyo," alisema. "Hakuna uongo. Acha wasome."

Kesho yake neno likapita bombani, na hakuna aliyecheka.

Ofisi ya mradi wa kamusi ilikuwa City Centre, katikati ya Lilongwe, ghorofa ya juu, yenye madirisha ya vioo visivyofunguka. Igiraneza na Dieudonné walifika na vibali vya kutoka kambini ambavyo vilikuwa vinaisha jioni ileile. Vipya vingetegemea barua ya meneja, Olivier. Bila barua hiyo, dunia yao ingerudi kuwa Dzaleka tupu: vichochoro vilivyobanana, foleni, na kuta za gereza la zamani ambazo kambi ilizirithi.

"Kamusi ni nzuri sana," alisema Olivier. "Shida ni mfano mmoja. Wafadhili wameuona wa kisiasa. Nimeuondoa, nimeandika kwamba kifaa huombwa kitoke mtandaoni."

"Hakiombwi! Atakayekuamini atatunga kiendeshi kinachogoma kutoka."

"Hilo tutalirekebisha. Nisikilize, dada. Nchi hii ilitupokea. Mimi pia ni mkimbizi, nina watoto shuleni hapa hapa. Carelle wa wafadhili anaingia sasa hivi kwenye skrini. Sema samahani, sentensi moja tu, na barua za vibali naziandika leo."

Dieudonné alimsogelea. Alikuwa fundi cherehani kwao Fizi kabla ya kukimbia na kujifunza kompyuta. "Dada yangu, samahani haiko na mifupa. Imeze tu, itapita. Mi niko na batoto bane, na masini nilishauza. Nikifungiwa kule nitashona na meno?"

Igiraneza alitazama dirishani. Chini watu walikuwa wakipita na mifuko ya manunuzi, wakivuka barabara popote walipotaka. Aliifikiria barabara ya kurudi, na mwezi ujao bila barabara yoyote. Neno samahani lilikuwa tayari mdomoni, alikwisha kulionja.

Uso wa Carelle ukatokea, Mrundi aliyekulia Ubelgiji, akitabasamu.

"Karibu," Olivier alianza. "Igiraneza ana jambo la kusema. Ila kwanza, kwa niaba ya ofisi nzima, naomba radhi mimi mwenyewe. Ni vijana, wana uchungu, hawakukusudia..."

Aliendelea. Aliomba radhi kwa Kiswahili, akaongeza Kifaransa, akainamisha kichwa. Carelle alitabasamu vilevile, jicho moja limefumba nusu, meno yaleyale nje.

"Boss," Dieudonné alinong'ona, "huyo mama amekauka kitambo."

Kwenye kona ya skrini alama ya waifai ilikuwa imezimika. Kituo cha ofisi kilikuwa kimeitimua kompyuta, na Olivier alikuwa akiipigia magoti picha. Hata alipoambiwa, mdomo wake ulimalizia: "...tunashukuru sana kwa uvumilivu wako."

Dieudonné alifunika uso asicheke. Igiraneza hakucheka. Ilikuwa kana kwamba ameuona ufunguo wa mama mkononi mwa Olivier na tai yake, na akajua kwamba akilimeza neno lile, yeye pia atakuwa na ufunguo wake wa kusugua.

Olivier aliunganisha tena, jasho likimtiririka. Carelle akasogea, sasa akiwa hai.

"Mlipotea. Niliishia kusikia Igiraneza ana jambo. Haya, dada, nakusikiliza."

Olivier alimpa ishara ya kidole: moja, sentensi moja. Dieudonné aliacha kucheka, akamtazama kwa macho ya mtu mwenye watoto wanne.

"Nisamehe wewe, kaka," Igiraneza alimwambia Dieudonné polepole. Kisha akaigeukia skrini. "Mfano ni wa kweli, na mama mwenyewe ameukubali. Hakuombwa. Urudisheni kama nilivyouandika. Siombi radhi."