Ukucha wa Mheshimiwa

"Mheshimiwa achinjwe sasa hivi, kabla hajawa kibudu," Ludovick alisema kwa mara nyingine, kisu kikiwa tayari mkononi. "Akifa mwenyewe tutamtupa. Hiyo si hasara?"

"Rudisha kisu jikoni," Devota alimjibu mumewe bila kuinua kichwa. "Ni ukucha tu umevunjika. Ungekuwa wako ungeshaomba ruhusa kazini."

"Mimi sichimbi kuta za watu."

Mheshimiwa alikuwa sungura mweupe wa binti yao, Jenifa. Ludovick, aliyekuwa dereva wa wabunge, ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu sungura huyo alikula kabla ya wote na kusinzia mchana kutwa. Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa akichimba chini ya ukuta wa jirani yao Geofrey. Ukucha wa mguu wa mbele ukanasa kwenye waya uliotokeza kwenye saruji, ukavunjika karibu na nyama.

Devota alikuwa na stashahada ya maabara na kazi yake zahanati ilikuwa kutoboa watu vidole kuwapima damu. Damu haikumbabaisha. Alimviringisha sungura kwenye taulo, akaacha mguu mmoja tu nje, akampa Jenifa amkumbatie. Alikata kipande kilichokuwa kinaning'inia, akasafisha jeraha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akakandamiza kwa kitambaa safi. Ludovick alipopendekeza spiriti, alimwambia ajimwagie yeye kwanza. Alipopendekeza majivu, alimwambia jiko si duka la dawa. Alijaribu unga wa uwele, ndio pekee uliokuwemo ndani, lakini chenga zake zilidondoka.

Damu haikusimama. Ilipita chini ya kitambaa, ikashuka kwenye goti la Jenifa, ikavuka sakafu, ikatoka mlangoni, nyembamba kama uzi. Nje ilipanda lundo la mchanga uliobaki kwenye ujenzi, ikashuka upande wa pili bila kupinda. Kila ilipopita, minyaa, ile miti ya utomvu inayopandwa kuwa ua wa shamba, iliota. Ilichomoza mifupi kama vidole, kisha ikafika magotini.

"Mama, imeota mpaka chooni," Jenifa alisema.

"Nimeiona. Wewe shika sungura."

Ua huo wa minyaa uliacha nyumba upande mmoja, choo na banda la sungura upande wa pili. Ukapenya ukuta wa Geofrey palepale Mheshimiwa alipokuwa akichimba, ukaingia kwenye nyumba yake ya wageni. Joha, mhudumu wa mapokezi, alisogeza kiti chake ili upite. Mzazi mmoja aliyekuja kumwona mwanawe chuoni Chimwaga alitaka kuanika taulo juu yake, Joha akamkataza, kwa kuwa utomvu wa minyaa unaumiza macho.

"Hodi hapa," sauti iliita mlangoni kwa Devota.

"Karibu, bibi. Shikamoo," Devota aliitikia.

"Marahaba, mwanangu."

Bibi Loisi alikuja kila Jumamosi kutoka Buigiri, alikoishi kwa binti yake, kuuza mlenda mkavu. Alitua kikapu, akautazama ua kama mtu anayetazama mbuzi wake aliyechelewa kurudi zizini.

"Kumbe umerudi," alisema.

"Ni wako?" Devota aliuliza.

"Tuliupanda na marehemu mume wangu, Daudi. Ndani tulilima uwele. Waliposema watakuja kupima viwanja, yule," akaelekeza midomo kwenye nyumba ya wageni, "akatangulia kuung'oa wote. Wapimaji wakaniambia, haya bibi, tuonyeshe mpaka wako. Nikawaonyesha vumbi."

"Na sisi kiwanja tumenunua kwake," Ludovick alisema. Alikiangalia choo chake kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake kanisani.

"Mstari mmoja si shamba," Bibi Loisi aliendelea. "Ua ukate kona, ushuke mpaka barabarani, ndipo unitoshe. Nani tena ataniambia nionyeshe?"

Devota alishika masikio ya Mheshimiwa. Yalikuwa ya baridi. Alimfunua mdomo, akakuta fizi nyeupe.

"Damu ya kukata kona hana, bibi."

"Iache itoke, mwanangu. Ni sungura tu."

"Si nilisema achinjwe?" Ludovick aliuliza. Bibi Loisi alikitazama vizuri kisu kile, ambacho bado kilikuwa mkononi mwake. Jenifa akawapa mgongo wote wawili, sungura kifuani.

Hapo ndipo Geofrey alipoingia akihema, ameufuata ua kutoka kwake, na pakiti ya unga wa ngano mkononi. Bibi Loisi hakumsalimia.

"Mama Jenifa, chukua huu! Laini kabisa, mpishi wangu anasema unafunga damu. Chukua wote, usirudishe."

Devota alitia kidole kwenye pakiti. Unga ulikuwa mzuri, mkavu, hauna hata mdudu. Hilo ndilo lililomuudhi.

"Ukiupokea huo umenimaliza," Bibi Loisi alisema.

"Bibi, shamba lako lilichukuliwa na watu. Huyu sungura hakuwemo."

Akamimina unga kwenye kisosi, akachovya mguu wa sungura, akaushindilia unga kwenye ukucha kwa kidole gumba. Hakuchungulia, maana ukichungulia jeraha linafunguka upya. Alikaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Alipoachia, damu ilikuwa imekatika. Ua nao ulikuwa umesimama mapokezini, mbele ya friji ya soda, haujafika kwenye kona ya shamba.

"Mungu akubariki sana, mama Jenifa."

"Usinishukuru. Toka kwenye eneo la watu."

"Watu gani?"

"Unawajua."

Geofrey alicheka, akarudi kwake, akamwagiza Joha atundike nywila ya intaneti kwenye ule mnyaa wa mwisho.

Devota alimwelekeza Jenifa: amlaze kwenye boksi juu ya kitambaa safi, asimrudishe kwenye mchanga, na jioni aangalie kama mguu umevimba. Bibi Loisi alikuwa ameshainua kikapu chake. Hakuaga.

"Bibi, ngoja," Devota alisema. Akanawa mikono, akatoa kwenye mkoba wa kazini pakiti ya sindano za kutobolea vidole.

"Mama Jeni, wapi tena?" Ludovick aliuliza.

"Kwenye kona. Ua haujafika."

Walizunguka ukuta, wakaingia mapokezini.

"Karibuni, mnataka chumba?" Joha aliuliza.

"Hapana."

Devota alipiga magoti mbele ya friji, pale mnyaa wa mwisho ulipoishia, akajitoboa kidole, akakiminya. Tone likaanguka kwenye kigae, likakaa hapo hapo bila kuotesha kitu. Bibi Loisi aliinama kulitazama. Lilianza kukauka pembeni.

Devota akafungua sindano nyingine, akajitoboa kidole cha pili. Joha alikwenda kuchukua dekio, akasimama nalo kando akiwasubiri wamalize.