Mji Niliokataa Kuutoa

Kifuniko cha sufuria kinagota jikoni gizani, mara moja tu, na mimi niliyelala nimemkumbatia Siwema, binti yangu wa miaka minne, najikuta nimekwisha kufika msituni, nimo katika mstari wetu wa kujitolea, tunatembea polepole ndani ya hifadhi tukitafuta mabaki ya watu wa kale, na anayeona kigae anachomeka kibendera na kupita. Siwema nimembeba mgongoni. Mama Siwema, usipinde mstari, ananitania mwenzangu wa kulia, hapa hatuendi sokoni. Nageuka nimcheke, naye hana uso, ni ngozi laini tu kama kibuyu. Naendelea, maana mstari hausimami, na njia inazaa njia, na majani makavu chini yetu yanang'aa kama maji, na ndani yake kuna mji, kuta, visima, ngazi, vyote kichwa chini, na watu wake wanatembea unyayo kwa unyayo na sisi, nao wanachomeka vibendera pale tunapokanyaga. Ndio mji tuliouhangaikia msimu mzima, na nimeuona mimi, mimi niliyesoma masomo ya jioni tu! Nainama kuchomeka kibendera changu, na mgongo unakuwa mwepesi. Khanga imelegea. Siwema yuko kule chini, kakaa kwenye kizingiti cha nyumba ya watu, anachezea kigae.

Mwanangu yule, nasema, nimfikieje? Kitendawili, anajibu asiye na uso. Tega, nasema, nifanyeje tena. Alihama kabla hujazaliwa, na bado unakanyaga sebule yake. Siafu? Siyo. Kivuli? Siyo, mama, umeshindwa, nipe mji. Nakupa Tanga. Tanga nimekwenda, joto. Chukua Tabora. Tabora ya nini? Basi Dodoma, na wabunge wake wote. Anacheka bila mdomo. Nipe huo hapo chini. Mtoto wangu yumo humo, bwana wewe! Mji hutolewa pamoja na waliomo, ndiyo desturi. Namtazama Siwema anavyopuliza vumbi kwenye kigae chake, na jibu linanijia kwa kuchelewa, kama maziwa yanavyoshuka mtoto akishaanza kulia. Sikupi, nasema. Si wangu huu, una wenyewe, hao watu wa kale, na sebule ni yao.

Mstari unasimama. Natia mguu kwenye majani, yananipokea, baridi hadi kifuani, nanyoosha mkono, naushika mkono mdogo, navuta.

Nafumbua macho, au nayafumba, sijui. Giza ni lile lile. Juu ya dari, au juu ya ardhi, nasikia watu wanapita polepole. Mkono mdogo ungali mkononi mwangu, nami naogopa kupapasa uso ulio kando yangu, nisije nikakuta ngozi laini. Namwomba Mungu, nangoja, siachii. Ndipo sauti inasema, Mama, umenibana mkono.