Maji Chini ya Kiti cha Dirishani

Kliniki ya viungo ilikuwa na viti kumi na viwili vya plastiki, na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi fundi cherehani alikalia kile cha dirishani. Baridi yabisi ilikuwa imempinda vidole kwa miaka tisa, ila kwa dawa mpya aliweza tena kutunga uzi kwenye sindano. Mwezi wa nne maji yalianza kutuama chini ya kiti chake.

Mfagizi alikuja na ndoo, akapiga deki, maji yakarudi. Akayagusa. Yalikuwa ya uvuguvugu, na yalitikisika kidogokidogo kama mapigo.

"Dada, haya si ya bomba," alisema. "Yanatoka moyoni mwako. Unalalaje siku hizi?"

"Nikiwa nimekaa. Nikijinyoosha tu, pumzi inakatika."

"Mwambie daktari. Usimfiche."

Alimwambia. Daktari alikunja suruali, akakagua vidole kimoja kimoja, akafurahi sana. Moyo, alieleza, unatibiwa jengo la pili. Jengo la pili walitaka barua ya daktari huyo, kwenye fomu ya kliniki ya viungo. Fomu hiyo ilikuwa na mchoro wa mtu mwenye mabega, viwiko, magoti na vidole vyote. Kifua hakikuchorwa.

"Sasa mama, niandike wapi?" daktari aliuliza, na kwa kweli alitafuta.

Inaudhi kusimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Miezi mitatu fundi alivuka ua akienda na kurudi, akiacha njia ya maji nyuma yake, na kila jengo lilimpokea kwa heshima. Sindano ya kuyavuta maji hayo ilikuwapo jengo la pili. Aliiona mlangoni, kwenye trei.

Hospitali haikukaa bure. Ilipandisha viti juu ya matofali, ikaajiri mfagizi wa pili, na daktari akapewa buti za mpira.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa nane sakafu ilikuwa kavu. Mfagizi aliinama, akachungulia chini ya kiti cha dirishani, kisha akakikalia, tambara mkononi, akalia kwa sauti. Binti wa fundi aliingia kurudisha kadi ya kliniki. Mama yake alikuwa amezikwa Jumamosi.

Daktari alimpa pole, na ilitoka rohoni. Akafungua faili, akautazama mchoro, na pembeni mwa vidole akaandika: nafuu. Halafu akavua buti.